Wiki ya tatu Berlin na bado napotea: tatizo ni mimi, ni jua, au ni mji wenyewe?

#1 MtotoWaNgamiani

Salaam wakuu. Nilihamia Berlin mwishoni mwa Novemba kwa ajili ya masomo, na leo natimiza siku ya kumi na tisa. Nimezaliwa na kukulia Tanga, Ngamiani, ambako barabara zimepewa namba, kwa hiyo tangu utoto nimezoea kwamba mtu akisema anakaa barabara ya kumi na mbili, mimi nahesabu tu mpaka nafika. Sijawahi kujiona mtu wa kupotea. Nimekaa Dar es Salaam miaka minne na Kariakoo naijua usiku na mchana, na hata siku ya kwanza nilipofika Nairobi nilitoka stendi hadi nyumba niliyofikia bila kumsumbua mtu.

Hapa napotea kila siku. Jumanne nilikuwa na miadi ya kutazama chumba kwenye mtaa mmoja wa zamani huku kitongoji cha Wedding, nyumba namba 88. Nilitokea penye namba 11, kisha 12, kisha 13, zote upande mmoja wa barabara. Nikaona mambo ni mepesi, nikaanza kutembea. Nilipofika 50 mtaa ukaisha. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka kona, nikauliza dukani, nikaonyeshwa kidole tu, na mwishowe nikaikuta 88 ng'ambo ya barabara, inatazamana na ile 13 niliyoanzia. Nilichelewa dakika ishirini na tano na chumba kilikuwa kimeshachukuliwa.

Alhamisi nilitaka kutoka kituo cha Wedding kwenda Schönhauser Allee kwa treni ya mzunguko, safari ya vituo viwili. Nilipanda S42, inayozunguka kinyume, badala ya S41, ndani kulikuwa na joto zuri, nikasinzia, na nilipoamka nilikuwa upande mwingine kabisa wa mji.

Katika visa vyote viwili simu ilikuwa mkononi na ramani imewashwa. Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba ramani ya simu ndiyo inayonipoteza, kwa sababu naitazama yenyewe badala ya kuutazama mji. Waliotangulia kuhamia nchi za watu wanisaidie: ninyi siku za kwanza mlipotezwa na nini?

#2 HakunaKupotea

Mkuu, simu inakuonyesha mstari wa buluu, wewe unasinzia, halafu unailaumu simu. Hapa hakuna fumbo la kutegua. Tatizo ni usingizi.

#3 Shangazi_Wedding

Karibu Berlin, mwanangu. Mimi nipo huku tangu mwaka 1997 na usione haya, kwani wiki yangu ya kwanza nilitoka kununua mkate nikarudi nyumbani baada ya saa tatu nzima, na mkate wenyewe nilikuwa nimeshaula njiani.

Kuhusu namba 88, hukukosea wewe. Mitaa mingi ya zamani ya Berlin imehesabiwa kwa mtindo wa kiatu cha farasi: namba zinaanza upande mmoja, zinakwenda moja, mbili, tatu mpaka mwisho wa mtaa, kisha zinavuka barabara na kurudi upande wa pili hadi pale zilipoanzia. Ndiyo sababu namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa hutazamana. Mitaa mingine inafuata ule mtindo mliouzoea, witiri upande huu na shufwa upande ule, na wakati mwingine unatoka mtaa wa mtindo mmoja na kuingia wa mtindo mwingine kwa kukata kona tu.

Kabla hujaanza kutembea, simama kwenye kona utazame juu, kwenye kibao cha jina la mtaa. Mara nyingi utaona chini ya jina, au juu yake, namba mbili ndogo zinazokuonyesha nyumba za kipande hicho zinaanzia ngapi na kuishia ngapi. Mimi nilikaa miezi minne sijaviona, na nilipoviona nilikasirika kweli, maana vilikuwepo muda wote.

#4 BukavuHadiSpree

Namuunga mkono Shangazi, ila niongeze historia kidogo. Mtindo huo wa kiatu cha farasi ni urithi wa serikali ya Ujerumani Mashariki. Upande wa magharibi walibadilisha, wa mashariki wakabaki nao. Kwa hiyo ukiona namba zinazunguka, ujue umevuka ukuta wa zamani.

#5 MpimaArdhi_Mstaafu

Ndugu yangu wa #4, hapo umeteleza. Mtindo huo ni wa enzi za ufalme wa Prussia na ulikuwepo zaidi ya karne moja kabla ya Ujerumani Mashariki kuzaliwa. Ule wa witiri na shufwa ndio mgeni, uliingizwa Berlin mwaka 1929, na mitaa iliyokuwa imeshahesabiwa haikulazimishwa kubadilika. Ushahidi ulio wazi ni Kurfürstendamm, barabara mashuhuri kuliko zote za upande wa magharibi. Inaanza na namba 11, inapanda mpaka mwisho, inavuka na kurudi hadi 237. Namba 1 hadi 10 huzikuti kwa sababu mwaka 1925 kipande hicho kilikatwa kikaingizwa katika mtaa mwingine. Na Wedding anakoishi mleta mada ilikuwa upande wa magharibi, katika eneo lililosimamiwa na Wafaransa baada ya vita kuu ya pili.

Ukitaka alama ya kujua ulipo kati ya mashariki na magharibi, tazama reli barabarani. Berlin Magharibi iliondoa tramu yake ya mwisho mwaka 1967, na hadi leo sehemu kubwa kabisa ya njia za tramu iko upande uliokuwa mashariki.

Hata hivyo, mimi namba naziona kuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba Berlin si mji mmoja. Tarehe 1 Oktoba 1920 Berlin iliunganishwa na miji 7 jirani, vijiji 59 na mashamba makubwa 27, vyote vikaitwa Berlin kwa siku moja. Charlottenburg ilikuwa mji, Spandau ilikuwa mji, Köpenick ilikuwa mji, na kila mmoja ulikuwa na soko lake, kanisa lake na jengo lake la halmashauri. Ndiyo maana majina kama Berliner Straße (mtaa wa Berlin) na Hauptstraße (mtaa mkuu) yanajirudia katika sehemu mbalimbali. Baadaye ukuta uliojengwa mwaka 1961 ukaupasua mji hadi 1989, na kila upande ukajijengea katikati yake. Mgeni anatafuta katikati ya mji ili aishike kama nguzo, nayo haipo. Zipo kadhaa, na haziambiani.

#6 Mkunazini

Asalaam aleikum. Nimemsoma mzee wa #5 kwa makini na nakubali historia yake, lakini mimi nina hoja tofauti kabisa, nayo ni jua.

Nimekulia Mji Mkongwe, Unguja. Vichochoro vyetu havina mpangilio wowote, nyumba zimebanana, na hata hiyo mistari ya buluu ya simu huwa inachanganyikiwa mle ndani. Nisingekuwa na haki ya kupotea popote duniani. Lakini Berlin nilipotea, na ilinichukua muda kugundua kwamba mwilini mwangu kulikuwa na dira ambayo sikuwahi kujua kuwa ninayo. Kwetu Zanzibar kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kwa kuwa kwenye ramani Makka ipo takriban juu yetu moja kwa moja. Mara tano kwa siku tangu utoto nimegeuka kaskazini, na misikiti yote niliyopita karibu nayo imegeukia huko, kwa hiyo nikiwa kichochoroni, hata nisipofikiri, najua bahari ni upande gani na nyumbani ni upande gani.

Siku ya kwanza Berlin nilitandika mswala chumbani, nikaangalia simu, nikaambiwa kibla ni kusini-mashariki. Niligeuka. Sala ikaswihi, lakini kichwa hakikugeuka pamoja na mwili. Kwa miezi mizima, kila nilipotoka nje kichwa changu kilidhani upande nilioswali ni kaskazini, kwa hiyo ramani yote ilikuwa imezunguka zaidi ya robo tatu ya nusu duara. Nilikuwa nakwenda kwa uhakika kabisa upande usio.

Ongeza hapo kwamba jua la Desemba huku halipandi. Saa sita mchana liko chini, upande wa kusini, limeegemea mapaa kama mgonjwa. Kwetu jua la saa sita liko utosini.

#7 MpimaArdhi_Mstaafu

Hoja ya kibla sikuwahi kuifikiria, na naiheshimu. Nisahihishe tu sentensi ya mwisho. Jua la saa sita kwetu haliko utosini mwaka mzima. Dar es Salaam na Unguja linapita utosini mara mbili tu, mwanzoni mwa Machi na mnamo Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Berlin kwa upande wake ipo nyuzi 52 kaskazini, kwa hiyo jua la saa sita liko kusini daima, na katikati ya Desemba halizidi nyuzi 14 hivi juu ya upeo. Kwa maneno mengine, jua la Berlin ni mwongozaji wa kuaminika kuliko la kwetu. Shida ni kwamba Desemba mawingu hayamwachi aonekane.

#8 HakunaKupotea

Sasa tumeshapata jua, kibla, Prussia na farasi. Nasubiri majini.

#9 MtotoWaNgamiani

Nashukuru sana Shangazi. Leo nimesimama chini ya kibao cha kona na namba ndogo nimeziona, zipo kweli. Mkuu wa #2, usingizi nimekiri, usinirudie.

Hoja ya jua imenigusa mahali pengine, nayo ni saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: linachomoza tunaanza kuhesabu, linazama tunaanza tena. Jana mama alipiga simu akaniuliza, "Huko saa ngapi?" Nikamjibu saa kumi jioni. Akaniuliza kama nimeshapumzika na jua kali. Nikatazama dirishani, giza linaingia, taa za barabarani zimewaka. Jua linazama kabla hata ya saa kumi haijatimia, na asubuhi linachomoza baada ya saa mbili. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kwenu huko saa zimeharibika." Sasa kila ninapopotea hujikuta najiharakisha kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, maana moyo unaniambia ni usiku, kumbe watu ndio kwanza wanatoka kazini. Nina hakika haraka hiyo inachangia.

#10 BaiskeliNaBegi

Habari za humu. Mimi ni Mkenya, nasambaza chakula kwa baiskeli mjini humu, mwaka wa pili sasa, na nimewasoma wote kwa furaha kwa sababu kupotea kwangu hukatwa kwenye kipato.

Mnazungumzia kuifikia nyumba. Kuifikia nyumba ni nusu ya kazi. Nyumba za zamani hapa zina jengo la mbele linalotazama barabara, nyuma yake kuna ua, ubavuni mwa ua kuna jengo jingine, ng'ambo ya ua huo kuna jengo la nyuma, na nyuma ya hilo huenda kukawa na ua wa pili wenye jengo lake. Yote hayo yana namba moja ya mtaa. Na vyumba kwa kawaida havina namba. Mlangoni kuna bati lenye vitufe vya kengele, kila kitufe kina jina la ukoo la mpangaji. Anayeagiza pilau akijiita kwa jina la utani kwenye programu, na kengele imeandikwa jina la mpangaji wa zamani ambaye hakuliondoa, mimi nabaki nje na supu inapoa.

Usiku wangu wa kwanza nilisimama mbele ya bati lenye vitufe 32. Nakumbuka idadi kwa sababu nilivihesabu. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoonekana lakini inayolowesha, na karatasi za majina nyingine zilikuwa zimefifia hadi zimebaki rangi ya chai. Mteja hapokei simu. Nikabonyeza kitufe kilichokuwa na jina linalokaribiana, akatoka bibi mmoja dirishani, akanikaripia kwa lugha ambayo wakati ule sikuielewa, kisha akanionyesha kwa mkono: pitia langoni, vuka ua, ngazi ya kushoto. Alijua vizuri nani huagiza chakula usiku.

Kwa hiyo hoja yangu, mleta mada, ni kwamba mji huu umepangwa kwa ajili ya mtu anayejulikana. Ukishakuwa na jina lako kwenye kengele unapatikana, na kabla ya hapo hata barua haikufikii. Ramani haiwezi kukusaidia hapo.

#11 Shangazi_Wedding

Kijana wa baiskeli amesema kweli tupu. Mwanangu, ukipata chumba, siku hiyohiyo andika jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, hata kwa kalamu na kipande cha karatasi. Halafu uende kujiandikisha ofisi ya wilaya, sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia, na miadi ni migumu kupatikana, kwa hiyo anza kuitafuta mapema.

#12 BukavuHadiSpree

Mzee wa #5, nimepokea sahihisho lako kwa mikono miwili. Nilisimuliwa hivyo na mwenye nyumba wangu wa kwanza, naye alikuwa mtu wa magharibi aliyependa kuwalaumu wa mashariki kwa kila kitu.

Sasa nitoe maelezo yangu mwenyewe, si ya mwenye nyumba. Kinachotupoteza ni kukosekana kwa konda. Fikirini: kwetu unapanda gari, unamwambia konda unashukia wapi, kuanzia hapo safari yako imekuwa dhamana ya mtu mwingine. Ukisahau anakukumbusha, ukipitiliza abiria wenzako wanapiga kelele, na ukishuka anakuonyesha kwa kidole upite wapi. Huku sauti ya kipaza inataja kituo kwa adabu, lakini haimwambii mtu. Hakuna hata geti la kukuzuia unapoingia kituoni bila tiketi, au na tiketi uliyosahau kuigonga muhuri. Wiki yangu ya kwanza nilinunua tiketi kwa uaminifu kabisa, sikujua kwamba ile ya karatasi hugongwa muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda, na wakaguzi wawili waliovaa kiraia wakanitoza euro 60. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba mji unakuachia ukosee hadi mwisho ndipo unakwambia.

#13 HakunaKupotea

Hoja ya konda naikubali, nami sikubali kirahisi. Lakini Bukavu, ukiangalia vizuri umerudi kwenye kauli yangu ya #2. Mleta mada angekuwa na konda, angeamshwa.

#14 Mjukuu_wa_Rondo

Mimi ni mtu wa Lindi na ningependa kutofautiana nanyi kidogo. Mnazungumza kana kwamba kila mtu hupotea. Mimi Berlin sikupotea hata siku moja, na sababu yake ni mnyama.

Kwenye Invalidenstraße kuna jumba la makumbusho ya viumbe, treni ya U6 inasimama karibu nalo, na ndani yake kuna mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyechimbwa Tendaguru, mkoani kwetu, kati ya mwaka 1909 na 1913. Amesimamishwa wima, urefu wake mita 13.27. Babu alikuwa akitusimulia jinsi wazee walivyobeba mifupa ile mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, mimi nikidhani ni ngano za kutulaza. Siku yangu ya pili hapa nilikwenda kumwona. Nilisimama miguuni pake, nikatazama juu mpaka shingo ikauma, na kuanzia siku hiyo nikawa na mtu wa nyumbani. Kila nilipotaka kujua niko wapi, nilijiuliza tu niko upande gani wa mjusi.

Mzee wa #5 amesema mgeni anatafuta katikati ya mji na haipo. Nakubali haipo, ila naona kila mtu huchagua yake.

#15 Mkunazini

Mwanzo nilicheka, kisha nikaona ni kilekile nilichokisema mimi. Wewe umepata kibla chako, ila chako kina mkia.

#16 Shangazi_Wedding

Kama ni kuchagua, basi mleta mada hana haja ya mjusi wa Lindi. Shuka U6 kituo cha Rehberge au Afrikanische Straße, tembea ndani ya mitaa ile. Kuna Tangastraße, mwanangu. Kuna Usambarastraße, Sansibarstraße, Ugandastraße na Kongostraße, kila mtu humu atapata pake. Majina yaliwekwa kwa majivuno ya ukoloni na si kwa kutupenda, na barabara kubwa mle ndani, Petersallee, imepewa jina la yule Carl Peters aliyewamwaga watu damu kwetu. Nikipita hapo huvuka upande wa pili.

#17 KalamuYaMtwara

Shikamoo Shangazi. Naomba nisahihishe kwa heshima, maana habari hii ni njema. Petersallee haipo tena. Ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, kisha mwaka 1986 wakuu wa mji wakatangaza kwamba kuanzia hapo jina hilo ni la Peters mwingine, Hans, aliyekuwa diwani, bila kubadilisha hata herufi moja ya kibao. Watu hawakuridhika, wakadai kwa miaka mingi. Tarehe 23 Agosti 2024 barabara iligawanywa, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa ajili ya mwanamke wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

#18 Shangazi_Wedding

Marahaba. Kumbe! Nimekaa miaka yote hii, na tangu goti liniume sijapita huko. Nitaomba mtu anipeleke niisome kwa macho yangu. Maji-Maji-Allee. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mngoni wa Songea.

#19 KalamuYaMtwara

Karibu sana, Shangazi, mimi niko tayari kukusindikiza wiki yoyote.

Nikirudi kwenye swali, nina neno moja la kuongeza. Wengi mnashauri mgeni ainue kichwa atazame vibao. Mimi nilijifunza mji kwa kuinamisha kichwa, kwa sababu ya baridi. Februari yangu ya kwanza nilitembea nikiwa nimeingiza kidevu ndani ya skafu, macho kwenye viatu, na mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße nikaona kijiwe cha shaba, mraba wa sentimita 10, kimepachikwa kati ya mawe ya njia ya miguu. Juu yake jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa 1904. Sikutegemea kuona "bin" chini ya miguu yangu. Nilipouliza baadaye nikaelezwa kwamba alizaliwa Dar es Salaam, akaja Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa mgahawani, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa kufundisha Kiswahili, kisha Wanazi wakamkamata, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Niliifuta theluji kwa kidole cha glavu ili nisome vizuri, na watu wakapita pembeni yangu bila kuuliza.

Tangu hapo Brunnenstraße naijua. Mitaa mingine mingi bado sijaijua, ingawa nimeipita mara kumi. Kwa hiyo nasita kusema ni jua, au namba, au konda. Huenda mtaa ambao haujakushikisha kitu haukai kichwani, hata uwe umenyooka kama Ngamiani.

#20 MpimaArdhi_Mstaafu

Maneno mazuri, lakini yanaeleza kwa nini unaukumbuka mtaa mmoja. Hayaelezi kwa nini kijana alitembea hadi namba 50 akitafuta 88.

#21 MtotoWaNgamiani

Wakuu, niwape mrejesho. Jana Jumapili, maduka yamefungwa, nilizima simu nikaitia mfukoni na kwenda kutafuta Tangastraße, kama alivyoshauri Shangazi. Nilishuka Rehberge. Jua lilijitokeza kidogo, nikalitafuta kusini kama alivyosema mzee wa #7, nikasoma namba ndogo kwenye kila kibao kabla ya kuondoka kwenye kona. Nilipotea mara mbili. Mara ya kwanza niliishia bustanini kwenye miti mitupu, mara ya pili nilitokea palepale nilipoanzia, lakini nikatokea kwa upande mwingine, hata nikadhani ni mahali papya, mpaka nilipoliona lile duka la mkate.

Niliipata. Ni mtaa mtulivu tu, nyumba za kawaida, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, kibao cha buluu hakipo kama nilivyotarajia, ni cheupe chenye maandishi meusi. Nilikipiga picha nikamtumia mama. Amenijibu, "Mbona hakuna watu?"

Nikiwa nimesimama pale alikuja mama mmoja mtu mzima, amevaa kofia ya sufi ya kijani na anavuta kikapu cha magurudumu, akaniuliza njia ya kwenda kituoni. Nilimwelewa kwa shida. Kwetu si adabu kumwambia mtu mzima kwamba hujui, kwa hiyo nilimwonyesha kwa mkono mzima, nikamhesabia na kona. Alinishukuru akaenda. Niliporudi nyumbani nikawasha simu, nikaona kituo kilikuwa upande wa pili.

#22 Shangazi_Wedding

Kofia ya kijani, kikapu cha magurudumu? Mwanangu, huyo ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, na tangu jana sijamsikia akifungua mlango.

#23 Mkunazini

Basi mzee wa #5 atusaidie: huyo mama kapotezwa na 1920, kapotezwa na jua, au kapotezwa na mtu wa Tanga?